Maji Mdomoni Kipindi Kizima

Alhamisi, Septemba inaelekea ukingoni.

Jua la leo halina adabu. Saa tatu asubuhi mabati ya darasa yalikuwa yanalia tayari, na upepo wa upande wa Sikonge umetuletea vumbi jekundu mpaka ndani ya chai ya walimu. Nimeinywa hivyo hivyo. Koo limenikauka, lakini si kwa vumbi. Limenikauka kwa kunyamaza. Leo nimenyamaza dakika themanini mfululizo, na kama kuna mtu anayenijua anasoma hapa, najua hataamini.

Hata mama hakuamini. Nitafika huko.

Kwa usiyenijua: nafundisha hisabati shule ya kata, nje kidogo ya mji, huu mwaka wa kumi na mbili. Watoto wananiita Madam Zuhura nikiwa mbele yao. Nikigeuka wananiita Redio. Jina hilo nililinasa mwaka juzi nikipita dirishani, nikanuna siku nzima, na kesho yake nikaona wana haki yao. Redio kweli. Tena ile isiyo na kitufe cha kuzimia.

Wiki nne zilizopita ilikuja barua ya uhamisho. Naenda Isikizya. Niliomba mwenyewe, nisimsingizie mtu. Mume wangu anafanya kazi huko, na tumeishi nyumba mbili miaka mitatu, tunaonana Jumamosi na kuulizana habari kama wageni. Niliomba, nikasubiri, nikakata tamaa, nikasahau. Barua nayo ikachagua kuja sasa. Mwisho wa mwezi huu naondoka. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba. Mwalimu mwingine wa hisabati hatuna, na mkuu wa shule ameniambia bila kuzunguka kwamba kabla ya Januari hategemei kumpata.

Wanafunzi thelathini na nane, na mwezi mzima na ushee bila mwalimu.

Nikiri jambo hapa, maana shajara haina mdomo wa kunisengenya. Niliposoma barua ile, hofu yangu ya kwanza ilikuwa: hawa wanangu wataweza bila mimi? Hiyo ni hofu ya heshima, ningeweza kuisema hata mbele ya kikao cha wazazi. Lakini nyuma yake kulikuwa na nyingine, ndogo, imejificha kama panya nyuma ya gunia. Na wakiweza?

Nikaamua kuwaachisha ziwa. Sikuwa na njia nyingine. Semina moja ya walimu niliyowahi kuhudhuria walitufundisha kwamba kwanza mwalimu afanye huku wanafunzi wakimwangalia, kisha wafanye pamoja, kisha wafanye wao huku mwalimu akiwaangalia, mwisho wafanye wenyewe. Pale kwenye semina niliandika yote kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini, nikala wali wa mchana, nikarudi shuleni kuendelea na redio yangu.

Ukitaka kuujua ugonjwa wangu, simama nje ya darasa langu usikilize.

"Namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadi—?"

"—lika!"

"Chanya inakuwa ha—?"

"—si!"

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

"Haya, jipigieni makofi."

Pa-pa, pa-pa-pa.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na walionifundisha walifundishwa hivyo. Mwalimu anatoa nusu ya neno, darasa linatoa nusu iliyobaki, na kila upande unaondoka ukiamini neno zima ni lake. Mkaguzi akipita anatabasamu. Darasa limechangamka.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kwa sababu ilikuwa zamu yangu kufanya. Wiki ya pili ndipo aibu ilipoanza. Nilimpa chaki Ngassa, kiranja wa darasa, kijana mrefu anayetembea kutoka Ntalikwa kila asubuhi na anafika kabla yangu. Nikamwambia afanye swali ubaoni, sisi tumfuate. Akaanza. Kila alipovuta pumzi nikamtilia neno mdomoni. Alipoinua chaki, nikasema iende wapi. Alipotaka kufikiri, nikafikiri kwa niaba yake, kwa sauti. Tukamaliza, makofi yakapigwa, nikajiona nimefanya kazi kubwa ya kujizuia.

Ndipo Nyamizi akanyoosha mkono.

Nyamizi ni mtoto wa kijiji cha Ipole, baba yake mfuga nyuki, hapa mjini anakaa kwa shangazi yake. Katika miaka mitatu na zaidi niliyomfundisha, sauti yake nje ya ile kwaya yetu nimeisikia labda mara tano. Akasimama, akashika daftari lake kwa mikono miwili.

"Samahani, madam. Umesema mara arobaini na moja."

"Nimesema nini?"

"Umesema tu, madam. Wakati Ngassa anafanya. Sikuambiwa nihesabu, ila nilihesabu."

Nyuma ya daftari lake kulikuwa na vijistari, vimepangwa vitanovitano kama hesabu ya magunia. Darasa likajaribu kujizuia, likashindwa. Ngassa, bado yuko ubaoni na chaki yake, akauliza, "Na mimi nimesema mara ngapi?"

"Sita," Nyamizi akajibu. "Ila mbili ni 'ndiyo, madam'."

Nilicheka nao, nikaenda ofisini nikakaa. Arobaini na moja kwa sita.

Jumapili nikaenda mtaa wa Ng'ambo kwa mama. Mama yangu ni mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitobo, na mtaa mzima unajua kwamba Sikukuu haijafika mpaka kofia za mama ziwe zimetoka. Nilimkuta barazani na sindano yake, miwani imeteleza hadi ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au Isikizya imeanza kukula kabla hujafika?"

Nikamsimulia kisa cha vijistari arobaini na moja. Nilikisimulia kumchekesha, maana mama anapenda sana kusikia nimeumbuliwa. Hakucheka. Aliweka kofia mapajani, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaifuta tena, mpaka nikamuuliza kama anaumwa.

Hapa inabidi nieleze. Nilipokuwa na miaka tisa mama alianza kunifundisha kushona kofia. Alinipa upande mmoja, mdogo, niutoboe na kuuzungushia uzi. Nilishona asubuhi, mchana nikaenda chuo kusoma Kurani, na nikirudi nilikuta safu yangu imekaa vizuri, vitobo vimelingana. Shangazi zangu wakija walisifu: mtoto ana mkono huyu. Nami nikavimba kichwa. Miaka ikapita hivyo. Kisha nikaenda shule ya bweni, nikajigamba kwa wenzangu, nikaomba kitambaa na sindano nishone kofia yangu mwenyewe ya kwanza. Ilitoka kama chujio lililopigwa teke. Wenzangu walicheka wiki nzima. Tangu siku ile nimeamini kwamba mkono niliokuwa nao ulipotea njiani, na sindano sijaishika tena ila kwa kifungo.

"Zuhura," mama akasema Jumapili ile, "mkono haukupotea. Hukuwa nao. Ule ulikuwa wangu."

Sikumwelewa.

"Ulikuwa ukienda chuo nafumua, nashona upya. Vidole vyako vilikuwa vidogo, nikavionea huruma. Na shangazi zako unawajua kwa midomo. Sikutaka mtu akucheke."

Nilimkasirikia kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kweli nilimkasirikia, mwanamke mzima mwenye miaka arobaini na mbili, nikanuna barazani mwa mama kama mtoto. Miaka yote hii nimejiita sina mkono, kumbe sikuwahi kuachiwa kushona vibaya hadi mwisho. Kisha kahawa ikaisha, nikatazama ndani ya kikombe, nikawaona wanafunzi wangu wote wa miaka kumi na miwili. Ni vitobo vingapi nimefumua na kushona upya? Huruma ile ile. Mama alinipenda, nami nawapenda. Mapenzi ndiyo yaliyoshika sindano.

Basi tufike leo.

Leo tulikuwa na vipindi viwili vilivyoungana. Niliingia na chupa yangu ya maji, nikaandika maswali matatu ubaoni, nikawaambia: leo mimi sipo. Yafanyeni. Nikaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Likaja lile zogo la kusukumana, wewe nenda, hapana wewe. Ngassa akauliza nani anaanza. Na Nyamizi akanyanyuka bila kutajwa na mtu. Nilishtuka mpaka nikajikuta nimeinua mkono kama vile mimi ndiye mwanafunzi.

Swali lilikuwa la maneno, la kutafuta namba isiyojulikana. Akalisoma, akalibadili kuwa mlinganyo vizuri kabisa: namba hiyo mara tano ukijumlisha tatu, ni sawa na namba hiyo mara mbili ukijumlisha kumi na nane. Akaanza kuhamisha. Alipoivusha ile ya mara mbili, darasa likaitikia lenyewe, bila kuongozwa na mtu, "inabadilika!" naye akaibadilisha. Akaivusha tatu. "Inabadilika!" wakaimba tena. Na mkono wake ukaiandika upande wa pili kama ilivyokuwa. Chanya.

Hakuna aliyeona. Midomo ilisema inabadilika, macho yaliona haijabadilika, kalamu zikanakili. Jibu likatoka saba. Wakampigia makofi. Pa-pa, pa-pa-pa. Kwa jibu lisilo sahihi.

Nililisikia neno linapanda kooni. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, "Alama, Nyamizi, alama," limevaa viatu kabisa. Nikafungua chupa, nikapiga funda kubwa la maji, nikalifungia mdomoni. Sikumeza. Kijana wa dawati la mbele yangu akageuka, akaniona mashavu yamefura, nusura aanguke.

Nyamizi hakurudi kukaa. Alibaki anaitazama saba yake, kichwa kimeinama kidogo. "Ngojeni," akasema. "Tuirudishe kwenye swali tuone." Hilo sikuwafundisha mimi kwa nguvu yoyote, nilikuwa nalitaja tu mwisho wa somo huku nikikusanya vitabu. Akaiweka saba upande mmoja ikatoka thelathini na nane. Akaiweka upande wa pili ikatoka thelathini na mbili.

Kalamu zikasimama. Kisha wakageuka wote kunitazama.

Sijawahi kutazamwa hivyo. Wanasubiri nusu ya neno. Nyuso zile zote nazijua, najua nani hajanywa chai na nani mama yake anaumwa, na zote zinaniambia: madam, tupe. Na mimi mdomo umejaa maji. Nikageuza macho nikatazama nje ya dirisha, kuna mbuzi alikuwa anatafuna karatasi, nikamtazama yule mbuzi kana kwamba nimemnunua. Nadhani ilikuwa dakika moja. Kwangu ilikuwa ndefu kuliko uchungu wa kumzaa mwanangu wa kwanza.

Ngassa ndiye aliyeivunja. "Madam hayupo," akasema.

Wakageuka mbele.

Yakaanza mabishano. Mmoja akasema swali limekosewa kuandikwa. Mwingine akasema tatu haikubadilika, si tumeimba wenyewe hapa? Nyamizi akaifuta, akaitia alama ya hasi, jibu likawa tano, wakairudisha, pande zote mbili zikatoka ishirini na nane. Nikashusha pumzi kwa kutumia pua. Nikadhani tumemaliza.

"Lakini kwa nini inabadilika?" Nyamizi akauliza.

Wakapekua madaftari.

"Mimi kwa nini yake sijawahi kuijua," akasema. "Huwa naitikia tu."

Maji yalikuwa yameshapata joto la mdomo. Nilitamani kulia.

Akasimama pale kitambo, chaki inamchafua vidole. Kisha akachora mizani ubaoni, ile ya sahani mbili inayoning'inia. Kiingereza cha darasani, ambacho kwetu ni Kiswahili kilichovalishwa tai, akakiacha kando, akaongea kama anavyoongea nyumbani.

"Kwetu Ipole baba anapima asali kwa mizani hii. Anaweka ndoo ya asali huku, mawe huku. Sasa ndoo nayo ina uzito wake, si ndiyo? Kwa hiyo upande wa mawe anaweka ndoo tupu, inayofanana. Kama mizani imelingana, ukiitoa ndoo huku peke yake, italala. Lazima utoe na kule." Akaigonga ile tatu kwa chaki. "Hii haijaenda popote. Tumeitoa huku, na kule tukatoa tatu vilevile. Hakuna kinachovuka."

Hakuna kinachovuka. Miaka kumi na miwili nimevusha namba na watoto wa watu, ng'ambo hii na ng'ambo ile, kama mpagazi wa misafara ya zamani, na hakuna hata moja iliyowahi kuvuka.

Ngassa akakuna kichwa. "Kwa hiyo madam alikuwa anatudanganya?"

Wote wakacheka, wakanitazama kwa wizi. Nyamizi hakucheka. Alifikiri, kwa haki kabisa.

"Hakutudanganya," akasema. "Alitufupishia tu."

Hapo nikameza maji. Mengine yakatokea machoni, nikasingizia vumbi.

Swali la pili walilifanya kwa kelele kama za mnadani, watatu wamesimama ubaoni kwa mpigo, wakalipata. La tatu lilikuwa gumu na likawashinda. Wakalizungukia huku na huku, kengele ikakaribia, na Ngassa akaandika pembeni yake kwa herufi kubwa: BADO. Mimi sijawahi kuacha swali ubaoni limeandikwa bado. Huwa nalimalizia mwenyewe huku kengele inalia. Na niliona jambo jingine baada ya wote kuanza kukusanya madaftari. Tangu ile mizani, hakuna aliyekumbuka kupiga makofi.

Nyamizi akanifuata nyuma kule kwenye dirisha.

"Madam, kesho naomba usiingie kwanza. Lile la tatu tutaendelea nalo wenyewe. Ukikaa hapa nyuma tunakuwa tunakuangalia wewe. Tukikwama kabisa tutakuita."

Iliniuma. Siwezi kuandika vinginevyo. Iliniuma na ilinifurahisha, na sikujua nianze na lipi.

"Sawa," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, neno la kwanza tangu nilipowaambia mimi sipo.

"Moja!" akapiga kelele Ngassa kutoka mlangoni. Nyamizi akafungua daftari lake nyuma, akachora kistari kimoja.

Nilipotoka shule nikapitia Ng'ambo. Sikumwambia mama habari zozote kwanza. Nilimwamkia, nikachota kikombe cha maji mtungini, nikampa.

"Weka mdomoni, mama. Usimeze."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mwanawe si mzima. Lakini aliweka. Nikachukua kofia kwenye kikapu chake, iliyokuwa haijaanzwa, nikachukua na sindano, nikatoboa. Kitobo cha kwanza kikaja kikubwa. Cha pili kikaenda upande. Kwenye cha tatu mkono wake ulianza kutoka chini ya kanga, taratibu, wenyewe, nikamkazia macho, akaurudisha akaukalia. Mashavu yamemjaa, macho yananilaumu, ungedhani nauguza mtoto vibaya. Kwenye cha sita kicheko kikamshinda, maji yote yakamwagika kwenye kanga yake na kwenye kofia.

"Mbaya!" akasema alipoweza kupumua. "Haki ya Mungu, mbaya. Lete nifumue."

"Hufumui, mama."

Akaniangalia sana. Kisha akanisogezea uzi.

Dakika zangu themanini nilimsimulia nikiaga, akakataa kuamini. Kofia ninayo hapa mezani, naandika nikiitazama, kigiza cha magharibi kinaingia. Ina vitobo sita, kila kimoja na ukubwa wake. Siwezi kumvalisha mtu, labda mume wangu, naye atasema nzuri kwa sababu ananiogopa.

Kesho asubuhi nitakaa ofisini nipange vitabu vya kukabidhi. Nitaacha mlango wazi. Kutoka kwenye kiti changu mpaka mlango wa kidato cha nne ni hatua thelathini na moja, nimezihesabu leo nikitoka. Chupa ya maji nimeshaijaza.

Ee Mola, nijalie wasiniite.

Au kama si dhambi kuomba, waniite mara moja tu.